Kabla fundi hajapigilia mbao: umeme wa nyumba ya Goma

Umepata nyumba, pesa ya kuunganishwa umelipa, fundi kasema anakuja kesho asubuhi na ngazi yake. Vizuri. Usimwachie funguo ukaenda sokoni. Kaa naye mpaka amalize, kwa sababu nyumba nyingi za hapa Goma ni za mbao, na akishapigilia mbao za ndani, kilicho nyuma yake hutakiona tena mpaka siku kitakapojionyesha chenyewe.

Anza na hesabu ya vifaa. Andika kwenye karatasi kila kitu utakachochomeka pamoja na wati zake. Zimeandikwa chini au mgongoni mwa kifaa. Umeme wetu ni wa volti 220, basi gawanya wati kwa 220 upate ampea, yaani ukubwa wa mkondo ambao kifaa hicho kinauvuta. Taa ya LED ya wati 9 inavuta ampea 0.04, isahau. Televisheni nayo karibu uisahau. Resho, yaani jiko la umeme, ya wati 1500 inavuta karibu ampea 7, pasi ya wati 1200 inavuta 5.5, birika la wati 2000 linavuta 9. Vinavyopasha moto ndivyo vinavyokula.

Prizi zote za nyumba, yaani soketi za kuchomekea, zimefungwa sambamba. Kila moja inapata volti zake 220, haimnyang'anyi mwenzake, lakini mikondo yao yote inajumlishwa kwenye waya mama unaotoka kwenye mita. Ndiyo maana kila kifaa peke yake hakina neno, ila saa ya kupika bugali vikiwaka pamoja shida inaanza. "Mimi natumia ralonji moja tu," watu wanasema. Hiyo moja, huo waya wa kurefushia, ndiyo imebeba jumla yote. Na kama imebeba resho, usiiache imeviringishwa wala usiipitishe chini ya mkeka. Waya uliofunikwa hauna pa kutolea joto lake.

Waya nunua mwenyewe. Wa taa uwe wa milimita 1.5 za mraba, wa prizi 2.5. Dukani omba kipande, toa plastiki, kwangua kwa wembe. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ikitokea nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na aluminiamu ina ukinzani (nguvu ya kuzuia mkondo) wa kama mara 1.6 ya shaba kwa unene uleule. Muuzaji atakwambia "Mama, hii ni orijino." Wewe kwangua tu.

Umbali nao uhesabu, hasa kama unavuta kutoka kwa jirani. Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827 na haijabadilika: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani wa waya. Mita 40 za kwenda ni mita 80 za waya, maana mkondo lazima urudi, la sivyo sakiti haijafungika na hakuna kinachowaka. Mita 80 za shaba ya 1.5 zina ukinzani wa karibu omu 0.9, hivyo resho ya ampea 7 inapoteza volti 6 njiani. Si balaa. Balaa ni kwamba jirani mwenyewe jioni anaweza kuwa amebaki na volti 170, na wengine wamevuta kwenye waya huohuo. Resho ikipata volti 160 badala ya 220 inatoa karibu nusu tu ya joto lake, kwa sababu volti zikishuka mkondo nao unashuka, na nguvu ni zao la vyote viwili. Bugali itachelewa, basi. Anayeumia ni friji: mota ikikosa nguvu ya kuanza kuzunguka inanguruma, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, na koili inaungua. Taa zikififia jioni, chomoa friji. Afadhali regulata, kifaa cha kusawazisha volti, uinunue kabla ya friji yenyewe.

Sasa dijonkta, ile swichi ya kwenye boksi inayokata umeme yenyewe. Kwa waya wa prizi wa 2.5 weka ya ampea 16, kwa taa weka ya 10. Usikubali uwekewe ya 32 "ili isikusumbue kukatakata", na kama boksi lako bado ni la fyuzi, anayekufungia kipande cha waya badala ya fyuzi mfukuze. Dijonkta ya kawaida inaangalia kitu kimoja: mkondo uliozidi. Ikitokea shoti inakata, mzigo ukizidi inakata. Watu wakiona haijakata wanalala usingizi. Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri.

Wifi yangu ana atelye ya kushona katika mtaa wa Majengo. Haya yote niliyoyasema aliyafanya: waya mzuri wa shaba, dijonkta mpya ya 16, hesabu ya vifaa kwenye daftari. Siku ya kufunga, waya wa kwenda kwenye prizi ya pasi ulipungua kama urefu wa mkono. Mvua ilikuwa inakuja, na duka limeshafungwa. Fundi akachukua kipande kilichobaki, akasokota ncha kwa ncha kwa vidole, akazungusha utepe wa skochi nyeusi, akapigilia mbao juu. Pasi ikawaka, fundi akalipwa, wateja wakaanza kuja.

Kwa muda mrefu hakukuwa na neno. Kisha taa ya mezani iliyochomekwa pamoja na pasi ikaanza kupepesa kila pasi ilipojiwasha. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Lakini nani hapa Goma atashtuka kwa harufu ya plastiki asubuhi? Karibu kila ua kuna mtu anawashia jiko la mbabula kwa sashe ya plastiki. Msichana anayejifunza kushona akasema, "Mama, ukuta huu una joto." Wifi akaweka kiganja, akasema ni jua. Ukuta huo haupigwi na jua.

Jumamosi moshi ukatoka kwenye nafasi za mbao. Bahati yao, mlinzi wa jirani alikimbilia boksi akashusha dijonkta kwanza, ndipo vijana wakang'oa mbao na kumwaga mchanga mweusi wa volkano. Vyerehani vilipona. Vitenge vya harusi ya watu havikupona, na mpaka leo anavilipa kidogokidogo.

Fundi mwingine alipokuja kurekebisha nilikuwepo. Nikamwuliza, "Papa, mbona dijonkta haikukata?" Akaninyooshea kile kiungio. Shaba ilikuwa nyeusi, inavunjika kwa vidole, na skochi imegeuka lami. "Mama, ingekata nini? Mkondo haukuzidi."

Piga hesabu yake uone. Pasi ya wati 1200 kwenye volti 220 ina ukinzani wa omu 40 na kidogo. Kiungio kilicholegea kikiongeza omu 1, kimekaa mfululizo na pasi, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye pasi ni uleule unaopita kwenye kiungio. Ukinzani wa jumla umeongezeka, basi mkondo unapungua kutoka ampea 5.5 hadi 5.3. Unapungua! Dijonkta inaona mzigo umekuwa mwepesi, na mwenye kupiga pasi haoni tofauti. Lakini joto linalozaliwa kwenye kiungio ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, kanuni ambayo Joule aliitoa mwaka 1841: 5.3 mara 5.3 mara 1, ni wati 28. Mafundi redio wa Birere wanalehemu kwa chuma cha wati 30. Ni kama kumchukulia mmoja chuma chake, kukichomeka nyuma ya ubao mkavu, na kukiacha hapo kila pasi inapowaka. Na mambo hayasimami hapo: joto linaifanya shaba ishike kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Kanuni hii sote tuliinakili ubaoni shuleni, R1 na R2, yaani ukinzani wa kwanza na wa pili, zimepangwa mfululizo vizuri kwa chaki. Hakuna mwalimu aliyetuambia R2 inaweza kuwa skochi.

Kwa hiyo, sheria ya kwanza: waya ukipungua, kazi isimame mpaka ununuliwe mwingine. Pakiwa lazima kuunga, kiungio kiwe ndani ya boksi, kwa domino, kile kiungio kidogo cha skrubu, iliyokazwa barabara, na boksi hilo liachwe wazi mahali unapoweza kulifikia. Lisifichwe. Waya wa kutoka kwenye nguzo mara nyingi ni wa aluminiamu na wa ndani ni shaba. Hizo mbili hazisokotwi pamoja, zinalana. Kuna viungio maalumu vya kuzikutanisha, fundi asiyevijua asiguse hapo. Kiungio cha nje kifunikwe kabisa: volkano inapotoa moshi, mvua yetu inakuja na asidi inayokula mabati, na shaba iliyo wazi haitaiacha. Kisha baada ya miezi michache, umeme ukiwa umezimwa kwenye boksi, skrubu za prizi zinazobeba pasi na resho zikazwe tena. Siku za kawaida, pasi ikiwa imefanya kazi kama saa nzima, gusa kwa mgongo wa mkono kifuniko cha plastiki cha prizi na ubao uliopo pembeni. Vuguvugu, sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima.

Kitu cha pili ambacho dijonkta ya kawaida haikioni ni wewe. Mtu mwenye mikono iliyolowa anaweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1000. Gawanya 220 kwa 1000: ampea 0.22. Kwa dijonkta ya 16 hiyo si kitu, lakini moyo unaweza kuharibiwa mapigo yake na makumi machache tu ya miliampea, yaani sehemu za elfu moja za ampea. Ndiyo sababu friji na vyombo vingine vya mwili wa chuma vinahitaji waya wa ardhi, wa kupeleka ardhini umeme uliovuja.

Fundi aliyezoea udongo wa Bukavu atapigilia fimbo yake ya shaba na kazi imekwisha. Kwetu hapa, hasa pale lava ya 2002 ilipopita, fimbo inapinda. Hata ikipata ufa ikaingia, imezungukwa na mawe makavu na hewa, vitu vyenye ukinzani mkubwa. Tuseme ardhi yako ina omu 200. Umeme ukivujia mwili wa friji, mkondo unaokwenda ardhini ni ampea 1.1, dijonkta haishtuki, na friji inakaa na umeme ikikusubiri ufungue mlango. Tafuta penye udongo, hata kama ni kwenye bustani upande wa pili wa ua, uzike waya mrefu wa shaba mahali panapokaa unyevu, kisha fundi apime. Asiye na kipimo atakwambia "iko sawa" kwa macho.

Na hapa pesa usizionee huruma: nunua dijonkta diferensheli ya miliampea 30. Hiyo inalinganisha mkondo unaotoka na unaorudi; tofauti ikifika 30, maana yake kuna mahali umeme unapotoroka, pengine kupitia mtoto, nayo inakata papo hapo. Ina kitufe chenye herufi T, kibonyeze kila mwezi. Ila kiungio kilichopata moto hata hiyo haikioni, kwa hiyo usije ukajidai umeinunua ukasahau skochi ya ukutani.

Mengine unayajua. Umeme ukikatika ukiwa unapiga pasi, ichomoe kabla hujatoka, kwa sababu utarudi wewe ukiwa haupo. Nguo zisianikwe kwenye waya. Waya ulioangushwa na upepo usiukaribie hata kama mtaa mzima uko gizani. Nguzo si yako, usipande. Na wale mnaosema "sisi tuko kwenye sola, haituhusu": volti 12 haitakurusha, ni kweli, lakini ili itoe wati 120 inahitaji ampea 10, wakati umeme wa 220 kwa kazi hiyohiyo unahitaji nusu ampea tu. Joto la kiungio linafuata mkondo mara mkondo. Kakazeni skrubu za betri.