Ukiambiwa seli shina zitalifungua sikio

Sikio langu la kushoto lilizima usiku mmoja. Asubuhi nilipokea simu nikadhani mtandao umekata. Nilipoihamishia kulia, dada alikuwa anafoka mbona simjibu.

Likikukuta hilo, usianze na seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Funga mdomo, uvume "mmm". Sauti ikienda sikio bovu, huenda ni nta au maji. Ikikimbilia sikio lisilo na shida, tatizo liko ndani: nenda kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo. Mimi nilipoteza siku nne nikiwekewa matone ya nta, na steroidi, dawa za kupunguza uvimbe ambazo ndizo tiba yake, hufaa zaidi ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Namba ya kliniki ya seli shina nililetewa baadaye na shemeji. Kabla ya kutoa hata senti, pimwa usikivu na uondoke na mchoro wa matokeo yako mkononi. Rudia baada ya siku chache. Hapa usione uvivu. Ndani ya kile kibanda cha kupimia unasomewa maneno, "kuku", "kuni", unayarudia, na siku umechoka unakosa mengi. Ukichomwa sindano baada ya siku mbovu, siku nzuri itaonekana kama muujiza.

Dawa iliyoitwa FX-322, ya kuziamsha seli changa zilizomo sikioni, ilianza kwa matumaini makubwa. Ilipolinganishwa na sindano isiyo na dawa, mgonjwa na mpimaji wote hawajui ipi ni ipi, haikuonyesha tofauti: 2021, kisha tena Februari 2023 baada ya wagonjwa kupimwa kwa uangalifu zaidi. Kampuni ikaiacha.

Basi uliza: kundi la kulinganisha liko wapi? Uziwi wa ghafla mara nyingi hupungua wenyewe, kwa hiyo ushuhuda wa "nilichomwa nikasikia" hautoshi. Uliza pia ni seli gani, na zinakwenda kuziba pengo lipi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, mwaka 2012 walirudisha sehemu ya usikivu kwa panya wa jangwani kwa kupandikiza seli za neva ya kusikia, ile inayopeleka sauti kwenye ubongo, zilizokuzwa kutoka seli shina. Seli zenye vinyweleo za sikio la ndani, zinazoipokea sauti, ni habari nyingine. Anayekutundikia dripu mkononi akueleze zitafikaje huko.

Niliyatuma maswali haya kwa ile kliniki kwa WhatsApp. Tiki mbili za buluu, kimya hadi jioni, halafu wakanijibu kwamba wamenipunguzia bei.