Helikopta za jeshi juu ya malisho yenu: jinsi ya kufikisha petisheni Bungeni bila kurudishwa

Mwongozo huu ni wa wafugaji na wakulima wenzangu wa Laikipia, Samburu, Isiolo na kwingineko Kenya ambako ardhi ya umma iliyo jirani imekuwa uwanja wa mazoezi ya helikopta za kijeshi. Kama jeshi lifanye mazoezi au lisifanye, huo ni mjadala wa siku nyingine. Hapa naeleza njia ya karatasi tu, maana ndiyo iliyotuchosha kuliko mlio wenyewe.

Ninayoipendekeza ni petisheni kwa Bunge. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, sheria ya mwaka 2012 inaeleza utaratibu, na hakuna ada. Tena kamati ya Bunge ina nguvu ambazo chifu na MCA (mwakilishi wa wadi) hawana: kwa Ibara ya 125 inaweza kumwita shahidi yeyote, hata mwenye nyota mabegani, sawa na Mahakama Kuu.

Ofisi zitakazowazungusha

Usianze na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unasema wazi katika ibara ya 3 kwamba unahusu ndege za kiraia na hauzihusu za jeshi, polisi wala forodha. Mtapokelewa kwa adabu na kuelekezwa mlango wa kutokea.

Kaunti nayo ina hadithi yake. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Jedwali hilohilo linaipa serikali ya kitaifa ulinzi wa nchi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Afisa wa kaunti anasema helikopta ni ulinzi, nenda serikali kuu. Afisa wa serikali kuu anasema kelele imegatuliwa, rudi kaunti. Wote wawili wananukuu Katiba sahihi, na wote wawili wanawahi chai ya saa nne.

Pamoja na hayo, nendeni huko kote. Sababu inakuja hapo chini, kwenye sehemu ya muhuri.

Daftari kabla ya barua

Malalamiko ya "helikopta zinatusumbua" hayana pa kushikwa. Teueni mtu mmoja kila upande wa kijiji mwenye daftari la kawaida, aandike siku hiyohiyo: tarehe, saa, ilitoka wapi ikaelekea wapi, ilitua au ilipita, na nini kilitokea. Kuhusu urefu, msikadirie kwa futi kama marubani. Andikeni "ilipita chini ya kilele cha kilima fulani" au "vumbi lilifika kwenye zizi". Mtu yeyote atakayekuja kukagua anaweza kusimama pale akaelewa.

Mbuzi akiharibu mimba, mwiteni afisa wa mifugo wa wadi mapema iwezekanavyo mpate maandishi yake, kwa sababu mifupa haitoi ushahidi. Mali ikiharibika au mtu akiumia, pigeni ripoti kituoni mpate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Polisi hawatakimbiza helikopta, na watakuambia hivyo huku wakicheka, lakini nambari ile ni tarehe ambayo hakuna atakayeweza kuibadilisha baadaye.

Ardhi ni ya nani?

Hili msilipite haraka. Kuna ardhi ya umma chini ya Ibara ya 62, inayosimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na ndani yake mna ardhi ambayo chombo cha serikali kinaishikilia au kuitumia kihalali. Kuna ardhi ya jamii chini ya Ibara ya 63, na ile ambayo haijasajiliwa kaunti inaishikilia kwa niaba yenu. Halafu kuna ranchi za watu binafsi zinazokodishwa kwa mazoezi. Watu wetu huziita zote "ardhi ya jeshi", na hapo ndipo barua inapopotea njia. Kama ni ardhi ya jamii, swali lenu la kwanza ni nani aliyekubali na kwa niaba ya nani. Kama ni ya umma, ulizeni iko chini ya chombo gani na kwa matumizi gani. Fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kuandika neno lolote.

Muhuri

Hapa ndipo tulipopoteza muda wetu mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Utaratibu wa petisheni unataka mueleze kama mmejaribu kulitatua jambo kwa ofisi inayohusika, na kama mlijibiwa au jibu halikuwaridhisha. Ndiyo maana nimesema mzunguke zile ofisi zote: kila mahali mnapokataliwa panawapa aya moja ya petisheni. Lakini aya hiyo inasimama tu ikiwa mna nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri, mtu atakaa mbele ya kamati aseme hajawahi kuona barua yoyote, nanyi mtabaki mkitazamana.

Kupata muhuri si mchezo. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, muhuri ulikuwa kwa bosi, bosi alikuwa "field", na field yenyewe haikuwa na tarehe ya kurudi. Tuliambiwa tuache tu barua, tutapigiwa simu. Simu hiyo bado tunaingoja. Kilichotusaidia hatimaye ni haya. Chapisheni kila barua nakala mbili, asili ibaki na nakala irudi nanyi. Msimpe katibu wa bosi, ulizeni masjala, kwa kuwa kazi ya masjala ni kupokea na ina muhuri wake. Aliye masjala akigoma, mwombeni aandike jina, tarehe na sahihi kwa mkono juu ya nakala. Akigoma na hilo, msigombane naye. Nendeni Posta mkaitume kwa rejista na muitunze risiti. Ijumaa baada ya chakula cha mchana msijisumbue.

Walengwa wetu walikuwa Wizara ya Ulinzi, ofisi ya kaunti ya NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira), idara ya mazingira ya kaunti na naibu kamishna wa kaunti ndogo. Barua iwe ukurasa mmoja.

Ombi la taarifa, wakati mnasubiri

Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Kuomba ni bure, mnalipia nakala tu, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kijana wa saiba atasisitiza kwamba mambo ya serikali ni Kiingereza. Mwambieni achape mlivyoandika.

Ulizeni kama ripoti ya athari kwa mazingira ilifanywa, na mwombe nakala. Ulizeni ardhi inatumika kwa makubaliano gani. Msiulize idadi ya ndege, aina ya silaha wala kinachofanyiwa mazoezi, kwa sababu sheria yenyewe inaruhusu taarifa za usalama wa taifa zizuiwe, na swali moja la aina hiyo ni kisingizio cha kuyakataa yote. Ulizeni saa za kuruka juu ya makazi na maeneo ya kutua karibu na maji. Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kimya hicho kuwa ni kukataliwa, na mna siku 30 za kuomba mapitio kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Kwetu kimya hicho kilikuwa zawadi, maana kilitupa aya nyingine.

Kuandika petisheni na kukusanya sahihi

Inaelekezwa kwa Bunge, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta wala kuandika juu ya maneno. Elezeni shida, mlichojaribu, na kama jambo liko mahakamani au la. Mwisho muweke maombi yenu. "Tunaomba jeshi liondoke" litawafurahisha watu barazani na litaipa kamati sababu ya kuwapuuza. Sisi tuliomba ratiba itangazwe kwa chifu mapema, helikopta zisitue karibu na visima na shule, zisiruke chini juu ya makazi usiku, na maeneo ya kutua yahamishwe mbali na malisho ya kiangazi.

Sasa sahihi. Kila karatasi ya sahihi lazima iwe na mada ya petisheni juu yake. Karatasi tupu yenye majina, hata yawe elfu, ni orodha ya majina tu. Majina, anwani, nambari za kitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba viandikwe moja kwa moja kwenye karatasi hiyo. Kubandika hairuhusiwi, wala kunakili kutoka kwenye orodha ya mkutano wa maji wa mwaka jana, jambo ambalo mzee mmoja alilipendekeza kwa moyo safi.

Ugumu ni nambari ya kitambulisho. Watu wetu waliwahi kutoa nambari hizo wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa wasivyovijua, kwa hiyo mama wa miaka sabini atakuuliza unampeleka chama gani safari hii, na ana haki. Msitume vijana wageni na kalamu. Petisheni isomwe yote kwa sauti, kwa lugha ya watu, mbele ya mzee wa kijiji, kisha anayetaka aweke kidole. Sahihi chache za watu watakaosimama kuzitetea zinatosha.

Kuiwasilisha

Mbunge anaweza kuiwasilisha, lakini si lazima. Mkimpelekea Karani wa Bunge moja kwa moja, yeye ana siku saba za kukagua kama imetimiza masharti. Nawashauri mpitie kwa Karani na mbunge mpeni nakala, maana mheshimiwa akiwa ndiye mbeba mzigo, petisheni itasafiri kwa kasi ya ratiba yake. Na nakala hiyo nayo ipigwe muhuri.

Angalieni na kalenda nyingine. Kama mna madai ya fidia dhidi ya serikali ya Kenya kwa hasara, sheria inatoa miezi 12 tu kwa madai ya aina hiyo, na kusubiri Bunge hakusimamishi saa. Kama NEMA imetoa leseni mnayoipinga, rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ni ndani ya siku 60. Ikiwa waliohusika ni wanajeshi wa Uingereza, kuna mkataba wa ulinzi uliotiwa saini 2021, na madai yanapitia mkondo wake. Waulizeni wale wa moto wa Lolldaiga, Laikipia, uliozuka wakati wa mazoezi ya jeshi hilo Machi 2021, jinsi safari hiyo ilivyo ndefu. Ibara ya 70 ya Katiba ina faraja moja: anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Ila mkishafungua kesi, petisheni lazima iseme hivyo, na kamati nyingi hurudi nyuma zikisikia neno mahakama. Pangeni mapema kipi kitangulie.

Siku ya kamati

Mkiitwa, nendeni na madaftari asili na si picha za simu. Chagueni wasemaji wachache, mmoja wao awe mtu ambaye mifugo wake wameathirika, na mmoja awe mwalimu au muuguzi. Msimpe kipaza sauti anayegombea udiwani. Lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa hiyo kama mzee wenu atatoa ushahidi kwa Kisamburu au Kiturkana, mwandikieni Karani mapema kuomba mkalimani, na mwende na wenu pia.