Jinsi ya kuchagua matairi ya SUV kwa lami, changarawe na tope la masika

Mwongozo huu ni wa mwenye RAV4, Harrier, X-Trail, Forester au Prado aliye Tanzania, ambaye wiki nzima yuko mjini kwenye lami, halafu mwisho wa mwezi anakwenda kijijini au porini.

1. Hesabu barabara zako

Chukua kilomita zako za miezi mitatu, uzigawe: lami, changarawe, tope. Hesabu zile unazoendesha kweli, si zile unazoota. Anayefunga matairi ya M/T (mud terrain, ya tope, yenye meno makubwa) kwa sababu ya safari moja ya Desemba atasikia mlio kama wa trekta mwaka mzima kati ya Ubungo na Mbezi, matumizi ya mafuta yatapanda, na kwenye lami yenye maji gari litachelewa kusimama.

2. Saizi

Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo. Usinakili kilichoandikwa kwenye matairi yaliyopo, maana mmiliki wa kwanza huenda alibadilisha. Prado 120 na 150 nyingi zinatumia 265/65R17. RAV4 nyingi za 2006 hadi 2018 ni 225/65R17.

Ukishawishiwa kupanda saizi, piga hesabu kwanza. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi. 265/70R17 ina 803. Tofauti ni asilimia 3.4, kwa hiyo spidomita itasoma 100 wakati gari linakwenda zaidi ya 103, na ukikata usukani hadi mwisho huku gari limebeba, tairi linaweza kugusa madigadi. Kwa magari ya mjini mimi hubaki na saizi ya kiwandani.

3. Namba ya uzito

Ni ile inayofuata saizi, mfano 112S au 102H. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 102 ni kilo 850. Usishuke chini ya ile ya kiwandani, hata bei ikishuka. Herufi ni mwendo: S ni 180, T ni 190, H ni 210 kwa saa.

Ukiona LT mbele ya saizi, hilo ni tairi la mizigo, ubavu wake ni mgumu. Ni zuri kwa mawe makali, kama ya kuelekea Ziwa Natron, lakini linahitaji upepo mwingi zaidi ya ulioandikwa mlangoni ili libebe uzito uleule. Kwa RAV4 ni kulitesa gari bure.

4. Meno

H/T (highway terrain, ya lami) kama lami ni zaidi ya robo tatu ya safari zako. A/T (all terrain, ya barabara mchanganyiko) kama changarawe inafika theluthi au zaidi. M/T kwa anayeishi kwenye tope, basi. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua ikishanyesha, hata A/T hujaa udongo kwenye mifereji mpaka tairi linakuwa laini kama andazi. Hapo kinachokutoa ni minyororo, koleo na subira.

Tahadhari moja kwa aliyenunua gari la Japani: angalia ubavuni kama pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake ni laini, na kwenye lami ya Dar ya saa nane mchana unalika upesi, gari linayumba kwenye kona, breki inarefuka. Meno yanaweza kuonekana marefu na mapya kabisa, ndiyo maana watu huyabakiza. Yatoe.

5. Tarehe ya kutengenezwa: usikimbie hapa

Makosa mengi yanafanyika hapa, na fedha nyingi hupotea hapa.

Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu. 3621 ni wiki ya 36 ya mwaka 2021, yaani mwanzoni mwa Septemba. Mbili za mwanzo ni wiki, si mwezi. Muuzaji akikuambia 0924 ni mwezi wa tisa, anakosea au anakupunguzia umri wa tairi: ni mwisho wa Februari 2024.

Tarehe kamili huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili unaweza kuona DOT na herufi zake, bila tarakimu nne. Kwa hiyo soma matairi yakiwa chini, kabla fundi hajayapandisha kwenye rimu. Yakishafungwa huku tarehe imeelekea ndani, itabidi ulale chini ya gari na tochi, au uamini maneno. Soma kila tairi, usisome moja ukadhani mengine yanafanana. Seti moja inaweza kuwa na 1823, 1823, 4420 na 1823, na lile la 4420 ndilo lililokaa nje dukani likipigwa na jua.

Tairi lililotengenezwa kwa soko la Japani linaweza kukosa herufi DOT, ila tarakimu nne zipo. Alama ya E yenye namba ndani ya duara ni kibali, si tarehe. Tarakimu tatu pekee maana yake ni kabla ya mwaka 2000, liache hapohapo. Pakiwa pamekwanguliwa, usiulize sababu, ondoka.

Mpaka miaka miwili nanunua bila wasiwasi kama lilihifadhiwa kivulini. Mitatu, naomba bei ishuke. Zaidi ya hapo sinunui. Kunja ubavu kwa vidole viwili karibu na mwanzo wa meno: nyufa nyembamba kama za tope lililokauka zinamaanisha mpira umekufa, hata vile vinywele vya kiwandani vikiwa bado vipo. Ya mtumba sinunui kabisa. Kiraka cha ndani hukioni kwa nje.

6. Mangapi?

Manne, na spea iwe saizi ileile. Gari linalosukuma magurudumu yote muda wote halitaki tofauti: Subaru wanataka mzunguko wa matairi usipishane zaidi ya robo inchi, ambayo ni kama milimita moja tu ya meno. Ikizidi hapo, difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka, inapata moto. Kwa gari linalosukuma magurudumu ya mbele pekee, ukinunua mawili mapya, yafunge nyuma, kwa sababu mkia ukiteleza kwenye maji ni vigumu kuurudisha.

7. Kufunga

Valvu mpya, balansi, alaimenti. Nati zikazwe kwa mkono kwa mpangilio wa msalaba, si kwa mashine ya upepo hadi mwisho. Zirudie baada ya kilomita 100.

8. Upepo

Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa geji yako mwenyewe. Za vituoni zimeangushwa chini mara nyingi mno. Fuata kibandiko cha mlangoni. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo, si kipimo cha kujaza. Kwenye changarawe iliyojikunja kama bati, punguza kama robo ya upepo na upunguze mwendo pia, halafu ujaze tena kabla ya kuingia lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbia 100 kwenye joto la Ruaha Mbuyuni huchemka kuanzia ubavuni, na utajua limechemka litakapopasuka. Beba kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Ya kwenye soketi ya sigara itakuchosha kwa tairi la Prado.