Kabla Hujaonyesha Kifaa Chako: Miliki Bunifu kwa Wahudumu wa Afya wa Tabora

Tuseme muuguzi wa zahanati wilayani Uyui amebuni kishikio cha chupa ya dripu kinachofungwa ndani ya bajaji inayompeleka mgonjwa hospitali ya Kitete. Jambo la kwanza atakalotamani kufanya ni kurusha picha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wenzake, na hapo ndipo wengi hupoteza haki yao bila kujua, kwa sababu hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa) hutolewa kwa uvumbuzi mpya tu, na kilichokwisha kuanikwa hadharani ni vigumu kukitetea kuwa ni kipya.

Kwa hiyo anza na daftari. Andika tarehe, chora kifaa, taja kila aliyechangia, na fundi wa kuchomelea utakayempa kazi atie saini ahadi ya kutunza siri kabla hajaona mchoro. Kisha soma mkataba wako wa ajira, maana uvumbuzi uliotokana na kazi uliyoajiriwa kuifanya unaweza kuwa mali ya mwajiri. Ni heri kulizungumza mapema kuliko kugombana baadaye.

Maombi ya hataza kwa Tanzania Bara hupelekwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), yakiwa na maelezo, michoro, muhtasari na madai. Tumia muda wako mwingi kwenye madai, kwa kuwa ndiyo yanayoweka mipaka ya ulinzi: ukidai kishikio cha chuma pekee, atakayetengeneza cha plastiki huenda akakuponyoka. Anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika anaweza kupitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu la Afrika, lenye makao yake Harare. Zingatia pia kwamba njia ya kutibu au ya upasuaji haipewi hataza chini ya sheria yetu ya mwaka 1987, ila kifaa kinachotumika katika njia hiyo chaweza kupewa.

Vitini, mabango ya elimu ya afya na picha ulizochora mwenyewe hulindwa na hakimiliki tangu vinapoundwa, kwa uhai wako wote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, hakuanzishi haki hiyo, ila husaidia ushahidi. Sheria hiyohiyo humlinda mwandishi wa kitabu ambacho sisi hukitoa fotokopi kizima kabla ya mtihani (nami nimewahi kufanya hivyo).

Kuhusu majina ya dawa, kumbuka tu kwamba Panadol ni alama ya biashara, na parasetamoli ndiyo dawa yenyewe.

Mwisho ni dawa za asili, ambazo Unyamwezini hazikosi wajuzi. Ukitaka kuchunguza mzizi ulioonyeshwa na mganga, pata ridhaa yake kwa maandishi, mwandike jina kwenye daftari lako, na mkubaliane mgawo wa faida kabla sampuli haijaondoka kijijini.