Eskrima ya karibu: kuipa mikono yote miwili kazi

Katika eskrima, sanaa ya Ufilipino ya kupigana kwa fimbo, korto ni umbali ule ambao fimbo yako inamfikia mwenzako na mkono wako mtupu nao unaufikia mkono wake wenye fimbo. Wanafunzi wengi wakifika hapo hupigana kwa mkono mmoja, ule mwingine wameuacha unaning'inia, na hapo ndipo wanapopigwa. Mtindo wa Balintawak, ulioanzishwa mjini Cebu na Venancio Bacon miaka ya 1950, umejengwa juu ya umbali huu, na sehemu kubwa ya mazoezi haya inafuata njia yake.

Vifaa kwanza. Tumia fimbo za henzirani zenye urefu wa sentimita 70 hivi. Henzirani ikichoka huchanua nyuzi; mti wa kawaida hupasuka vipande vyenye ncha, na vipande hivyo huruka usoni. Vaeni miwani ya kukinga macho, hata mnapokwenda polepole. Unaposhika, acha upana wa ngumi chini ya kiganja. Kipande hicho, punyo, ni silaha kamili mkiwa karibu.

Hatua ya 1: amsha mkono dhaifu. Shika fimbo mbili ucheze sinawali nyepesi, yaani mapigo ya fimbo mbili kwa kupokezana mikono: kulia piga juu, rudisha chini, kisha kushoto juu, rudisha chini. Sikiliza mlio. Ukisikia pigo la kushoto limechelewa au limefifia, punguza kasi ya mkono wa kulia umsubiri mwenzake.

Hatua ya 2: kushoto peke yake. Weka fimbo moja chini. Piga mapigo yote unayoyajua kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiwa mlinzi. Watu huruka hatua hii kwa sababu inachosha. Usiiruke.

Hatua ya 3: mkono mlinzi. Hiki ndicho kiini cha somo. Mkono mtupu ukae mbele ya kifua, kiganja wazi, vidole vimeshikana na kidole gumba kimelazwa, maana gumba lililochomoza ndilo huvunjika kwanza. Usiutangulize mbele ya fimbo yako.

Mwenzako apige polepole kuelekea shavu lako la kushoto. Simamisha fimbo upande huo, ncha juu, ikutane na fimbo yake. Zikishagusana, na si kabla, weka kiganja cha kushoto juu ya kifundo cha mkono wake wenye fimbo, ukishushe kuelekea tumbo lake, kisha fimbo yako ijibu. Kinga, bana, piga. Mwanzoni mtasikia midundo mitatu. Mkizoea, kubana na kupiga kutakuwa mdundo mmoja.

Kosa kubwa hapa ni kudaka fimbo hewani. Fimbo inakwenda kasi kuliko jicho. Mkono ulioishika huenda taratibu zaidi, kwa hiyo shughulika na mkono. Wala usiung'ang'anie. Ukikamata kifundo, na mkono wako umeshafungwa: mwenzako atauzungushia punyo akuvute. Gusa, sukuma, achia.

Hatua ya 4: kupokezana. Sasa yule aliyejibiwa naye anakinga, anabana, anajibu, na mchezo unaendelea bila kusimama. Mmoja awe mlishaji: yeye ndiye anayechagua pigo na kasi. Mlishaji mzuri humpa mwenzake tatizo analoweza kulitatua, kisha humwongezea kidogo.

Hatua ya 5: badilisheni mikono. Anzeni wote kwa kushoto. Halafu mmoja kulia, mwingine kushoto, na hapo mambo hubadilika kabisa. Ukiwa na fimbo kulia na mwenzako kushoto, pigo lake linakuja upande wako wa kulia, na mkono mlinzi unalazimika kuvuka kifua chako mwenyewe. Ukiuvusha umesimama palepale, mikono yako itapishana naye ataibana yote miwili kwa kiganja kimoja. Dawa iko miguuni: peleka mguu wa kushoto mbele, bega la kushoto lifuate, na kiganja kitamfikia bila kuvuka. Ningetumia nusu ya muda wa zoezi hapa, kwani wapiganaji wanaotumia kushoto huwasumbua hata waliobobea.

Ongezeni kasi pale tu mkono mlinzi unaporudi kifuani wenyewe baada ya kila pigo. Mapigo ya kichwani ya kasi yasubiri kofia ngumu na fimbo zilizofungwa sponji.