Namna ya Kutoa Umeme Uliobaki Ndani ya Televisheni ya Chogo

Televisheni ya chogo, pamoja na monita ya kompyuta ya aina hiyo, hubaki na umeme ndani hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) kubwa ya pawasaplai, yaani sehemu inayopokea umeme wa ukutani, ambayo hutunza takribani volti 325 pale umeme wa volti 230 unapogeuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC). Ya pili ni tyubu yenyewe, yaani chupa kubwa ya kioo inayoonyesha picha, kwa kuwa kioo chake kimepakwa grafiti ndani na nje, jambo linaloifanya iwe kapasita; katika televisheni ya rangi hubeba kati ya volti 20,000 na 30,000.

Kabla ya kugusa skrubu, chomoa plagi pamoja na nyaya za antena na king'amuzi, vua pete na saa, vaa viatu vikavu vya raba na miwani ya kukinga macho. Kifuniko cha nyuma kivutwe polepole, kikiwa kimenyooka, kwa sababu shingo ya tyubu ni nyembamba mno na ndani yake hakuna hewa. Mafundi wengi huumia si kwa umeme wenyewe, bali kwa mkono unaoruka ghafla na kuivunja shingo hiyo au kukatwa na ukingo wa bati.

Sasa tafuta waya mnene unaotoka kwenye flaibeki, yaani transfoma inayozalisha volti kubwa za tyubu, na kuishia kwenye kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa tyubu. Chukua bisibisi bapa, refu, lenye mpini mzima wa plastiki, kisha unganisha chuma chake, kwa waya wenye vibanio, na ule waya mtupu uliosukwa unaokumbatia mgongo wa tyubu. Usiunganishe na ethi ya bodi, kwa maana cheche inaweza kuua aisii, yaani chipu za bodi. Mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo wako. Kwa ule mwingine ingiza ncha ya bisibisi chini ya mpira mpaka iguse chuma cha ndani, uishikilie hapo kwa sekunde kadhaa. Huenda ukasikia mlio mkavu, huenda usisikie chochote, na ukimya huo usikuaminishe. Subiri dakika chache urudie, kwa kuwa chaji iliyojificha ndani ya kioo hurudi yenyewe.

Kapasita ya pawasaplai haifai kushotishwa kwa bisibisi, yaani kuunganishwa miguu yake miwili moja kwa moja, ingawa ni desturi ya karakana nyingi. Tumia rezista (kifaa kinachopunguza kasi ya umeme kupita) ya kiloomu 2, wati 10, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, uishikilie miguuni mwa kapasita kwa sekunde 10, kisha pima kwa mita iliyowekwa kwenye volti 1,000 za mkondo mnyoofu, usiendelee mpaka isome karibu na sifuri. Mita hiyo isiguse kamwe kofia ya tyubu, maana haikutengenezwa kwa volti nyingi kiasi hicho.

Ikiwa ni lazima kupima televisheni ikiwa imewashwa, fahamu kwamba upande wa pawasaplai umeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Hapo inahitajika transfoma ya kutenganisha, yaani inayopitisha umeme bila televisheni kuungana moja kwa moja na nyaya za ukutani. Stebilaiza ya kawaida haitenganishi, hata kama ni kubwa na nzito. Asiye na transfoma hiyo asiingize mkono ndani.