Seramu ya haialuroniki: ipake uso ungali na maji ya udhu

Mwanzo mie niliona hii seramu ya haialuroniki (yale maji mazito ya kupaka usoni kabla ya krimu, chupani imeandikwa hyaluronic acid) ni uongo mtupu wallahi. Nilinunua kichupa changu, kila asubuhi najifuta uso kwa taulo mpaka ukauke kabisa, natia matone yangu, haoo kazini kukaa chini ya kiyoyozi kutwa. Ikifika adhuhuri uso unanibana kama ngoma ilowambwa na pembeni mwa mdomo pananyanyuka magamba. Shoga yangu mmoja akanicheka, akanambia wewe unamwagia mbegu jangwani halafu unauliza mahindi yako wapi.

Maana hii kitu haileti maji, inakamata yalopo. Ukiipaka kwenye ngozi kavu na hewa nayo kavu, haina pa kuyapata ila kuyavuta kwenye ngozi yako mwenyewe ya ndani, halafu yanapeperuka, ndo unabaki mkavu kuliko ulivokuwa.

Sasa fanya hivi. Ukishatia udhu usijifute uso. Acha maji yachuruzike kidogo, usingoje ukauke, tia matone mawili matatu kiganjani (mawili matatu jamani, si kujimwagia), kisha ugonge gonge taratibu usoni na shingoni. Usisugue. Ukitia nyingi ukasugua utaona inatoka vijinyuzi vyeupe kama unafuta daftari kwa raba, hapo ujue umezidisha. Mie wakati wangu ni alfajiri na isha, mara mbili kwa siku inatosha sana.

Halafu kabla haijakauka, ikiwa bado inanata nata, funika na krimu. Hapa ndo wengi tunapokosea, seramu peke yake haizuii maji kutoka, lazima juu yake kuwe na kitu cha mafuta. Kama huna krimu, mafuta ya nazi kidogo tu yanafaa, ila mwenye chunusi asiyaguse maana yanaziba vitundu, atafute krimu nyepesi. Asubuhi malizia na sanskrini, jua letu unalijua.

Mambo ya hewa pia uyatizame. Wakati wa masika hewa yenyewe imejaa maji, uso hauna shida, mie hata krimu naipunguza. Kipupwe kikiingia, ule upepo wa kusi wa Juni na Julai, miguu inapauka hata ukijipaka mara ngapi, hapo ndo utaijua thamani ya seramu. Na mnaoshinda kwenye viyoyozi mahotelini huko Nungwi na Paje, nyie ni kipupwe mwaka mzima, tembeeni na kichupa cha maji ya mawaridi mujirashie kidogo mchana.

Dukani usitizame picha ya mbele, geuza chupa usome vilivomo. Mara nyingi utakuta imeandikwa sodium hyaluronate, usishtuke, ni chumvi yake na kazi ni ile ile. Zile zenye molekuli kubwa zinakaa juu ya ngozi kama utando, ndogo zinaingia ndani kidogo, kwahiyo nzuri ni ilochanganywa zote. Na ukiambiwa inangʼarisha ndani ya wiki basi rudisha chupa uondoke, hii haimfanyi mtu mweupe, pengine hapo unauziwa mkorogo kwa jina jengine.

Kuna mtu ataniuliza inatoka wapi maana tunaogopa vitu visojulikana. Wanasayansi Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye jicho la ngʼombe huko New York mwaka 1934, ule ute wa ndani ulokuwa kama kioo. Baadae ikawa inatolewa kwenye undu wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani. Siku hizi nyingi inatengenezwa na bakteria maabara, ila anotaka yakini atafute chupa ilotajwa asili yake. Na si kitu kigeni, mtu wa kilo 70 anayo kama gramu 15 mwilini mwake, karibu nusu ipo kwenye ngozi, umri ukienda inapungua.

Kama bei inakushinda usijitie kwenye madeni, gilisirini inakamata maji vile vile na ni rahisi. Usiipake kavu kavu utanata kama halua, ichanganye na maji ya mawaridi, gilisirini kidogo mawaridi mengi, paka uso ukiwa maji maji kisha krimu, utaratibu ule ule.

Anoanza ajaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili tatu. Na siku ulosugua singo (ule mchanganyo wa kusugulia ngozi) usoni basi nenda pole pole, ngozi inakuwa laini mno inaweza ikawasha. Kitoneshi, kile kijibomba cha kudondoshea matone, usikigusishe usoni, na chupa usiiweke dirishani penye jua.